Karatasi za Kumfuata Célestin

Habari ya kifo cha Mama Henriette ilitufikia hapa Liège asubuhi, tukiwa mezani, mkate umekwisha kupakwa siagi na kahawa bado inafuka moshi. Aliyepiga simu alikuwa binti wa jirani yake kule Kisangani, na sauti ilisikika safi kana kwamba alikuwa chumba cha pili. Célestin, mume wangu, alisikiliza, akaitikia “oui, oui, nasikia”, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya kitambaa cha meza na kuendelea kuutafuna mkate wake polepole mpaka ukaisha. Jioni watoto wetu walikuja. Wote ni watu wazima sasa, kila mmoja na nyumba yake. Binti yetu mkubwa aliniuliza mimi, hakumwuliza baba yake: “Mama, Koko, nyanya yetu, alikuwa mtu wa namna gani?” Lilikuwa swali la haki. Célestin alimwacha mama yake akiwa kijana. Katika familia yetu, mtu wa mwisho kuishi naye, kula naye sahani moja na kumsikia akikohoa alfajiri kabla ya kwenda kuchukua samaki, ni mimi mkwe wake. Nilikaa naye mwaka mmoja na kitu, wakati wa vita, na mwaka ule wote tulikuwa na kazi moja: kutayarisha karatasi za kuniwezesha kumfuata mwanawe. Vipande vyake nimevisimulia mara nyingi, hiki leo na kile mwaka kesho. Mwaka mzima, tangu mwanzo hadi mwisho, sijausimulia bado.

Nyumba yake ilikuwa katika komini ya Tshopo, mojawapo ya kata za Kisangani, nyumba ya matofali yenye sebule moja, vyumba viwili na korido nyembamba katikati, ambapo watu wawili hawakuweza kupishana bila mmoja kugeuka ubavu. Jiko lilikuwa nje, chini ya mabati, na hapo ndipo maisha yetu yote yalipopita. Mama Henriette alikuwa binti wa wavuvi wa kwenye maporomoko. Kaka zake walitega mitego yao mikubwa ya miti katika maji yanayochemka, na kila asubuhi alikwenda kuchukua sehemu yake akauze sokoni. Mchana alirudi na samaki waliobaki ndani ya beseni, akaketi kwenye kigoda na kuwaparua magamba. Pembeni aliketi Faustin, mwanawe wa pili, aliyetengeneza redio kwenye kibanda karibu na soko, na mimi nikisugua sufuria au nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Célestin alikuwa ameondoka kabla ya vita, kwenda kusoma. Alimaliza, akapata kazi na kibali cha kukaa. Mahari yangu ilikuwa imetolewa, wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekula na kukubaliana, nami nilikuwa nimehamia kwa mama yake. Kwa watu wa mtaa nilikuwa mke. Kwa serikali ya huku Ulaya nilikuwa msichana fulani anayeishi katika nyumba ya mama fulani.

Orodha ya karatasi ilikuja ndani ya bahasha ya Célestin aliyoibeba Papa Kambale, mfanyabiashara Mnande kutoka Butembo, aliyeuza sabuni na vitenge kwa jumla na kusafiri kwa ndege ndogo kwenda na kurudi upande wa mashariki. Katika miaka ile hatukuwa na posta nyingine zaidi yake. Mama hakujua kusoma, basi Faustin alimsomea huku yeye akiendelea na magamba. Cheti cha kuzaliwa. Cheti cha ndoa ya serikali. Cheti cha mwenendo mwema. Cheti cha daktari. Cheti cha watu wanaoishi nyumba moja. Na vile vitatu vya kwanza, baada ya kupigwa muhuri hapa, vipelekwe kupigwa muhuri mwingine Kinshasa.

“Kinshasa?” Mama aliuliza, kisu kikasimama. “Kinshasa ya wapi?”

“Kinshasa ya Kinshasa, Mama.”

“Sasa njia iko wapi?”

Hakuna mtu mjini aliyeijua njia hiyo. Sisi tulikuwa upande wa waasi, Kinshasa ilikuwa upande wa serikali, na mto ule uliozoea kuleta meli ulikuwa umefungwa. Bandarini majani yalikuwa yameota kati ya mawe. Mama alifikiri kidogo, akamgeuza samaki upande wa pili.

“Bon,” alisema. “Tutaanza na zile ziko karibu. Ile ya mbali, tutaiona mbele.”

Iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa cheti changu cha kuzaliwa, na karibu yenyewe ilikuwa Yangambi. Nilizaliwa kule, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, na huko ndiko jina langu lilikoandikwa. Mama alikataa nisafiri peke yangu. Kwenye mto kulikuwa na askari, na alisema msichana akisafiri na mama mzee mwenye kelele anaonekana ana kwao. Tulishuka na mtumbwi wenye injini, tumeketi juu ya magunia, na kila tuliposimamishwa Mama aliwaanza askari kabla hawajamwanza: wamekula nini leo, mama zao wanajua wako wapi, mbona huyu anakohoa hivyo na hanywi dawa. Walimwacha apite, nadhani, kwa kuchoka tu. Yangambi tulilala kwa mjane mmoja wa mfanyakazi wa kituo, katika nyumba kubwa ya zamani ya Wabelgiji ambayo bafu lake lilikuwa limegeuzwa banda la kuku. Karani wa kuandika vyeti alikuwa shambani kwake, na tulimngoja.

Katika kungoja kule ndipo nilipoanza kumjua mume wangu. Nilikuwa nimeongea na Célestin barazani kwetu, mbele za watu, na nilikuwa na barua zake, basi. Mama alinihadithia aliyobaki, tukimenya ndizi kwenye veranda ya yule mjane. Kwamba alikuwa mtoto wa kuogopa jogoo. Kwamba alikula samaki akianza na kichwa, tena hakutaka kuangaliwa akila. Kwamba siku baba yake alipokufa hakulia, alikwenda kufagia uwanja, akaufagia tangu asubuhi mpaka udongo ukawa unang’aa, na watu wakamwacha. “Ile mutoto analia na mikono,” Mama aliniambia. “Ukimuona anafanya kazi mingi bila kusema, ujue iko kitu.” Nilicheka, kwa sababu nilikuwa na umri wa kucheka. Miaka mingi baadaye nimekaa jikoni kwangu nikimsikia Célestin akipiga deki ngazi ambazo si zamu yetu kupiga, nikajua iko kitu. Hayo sikuyagundua kwa akili yangu. Nilifundishwa Yangambi, kwenye veranda, na mtu aliyemzaa.

Cheti cha ndoa kilikuwa shauri kubwa zaidi, maana bwana harusi alikuwa ng’ambo. Lakini sheria iliruhusu aoe kwa kuwakilishwa. Célestin aliandika kule kwamba anampa mdogo wake mamlaka ya kusimama mahali pake, karatasi hiyo, procuration, ikaja na Papa Kambale, jaji akaikubali, na siku ikawekwa. Faustin alivaa koti ambalo kaka yake aliliacha sandukuni. Yeye alikuwa mwembamba, koti likamning’inia, na Mama akalikaza mgongoni kwa pini, akamwonya asigeuke nyuma mbele ya watu. Pale ofisi ya komini tulikuta sebule imejaa, majirani wote wa mtaa wetu, kaka zake Mama kutoka maporomokoni wakiwa bado na harufu ya mto, na wanawake wa sokoni na mabeseni yao. Wakati ule hapakuwa na sherehe nyingi za kwenda kutazama. Ofisa wa vyeti alikuwa mzee mmoja mpole, ambaye naye, alituambia, hajawahi kuifungisha ndoa ya namna hii tangu aanze kazi. Alisoma vifungu vyote kwa sauti. Kisha akamwuliza Faustin, kwa jina la Célestin, kama anakubali kunioa.

“Oui,” Faustin alijibu, “kwa jina ya ndugu yangu, mwenye iko mbali, mwenye anatusalimia wote...”

“Apana, apana. Usiongeze kitu. Sema oui tu.”

“Oui tu,” alisema Faustin, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele kwamba bwana amkumbatie bibi. Yule mzee akainua kidole. “Procuration haifike kule,” alisema, na kicheko kikaanza upya, hata Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaza uso kama mtu anayevuka daraja bovu, alijifunika mdomo na kitenge. Tulitia sahihi. Faustin alichukua muda mrefu kuandika jina lake, akilipamba herufi kwa herufi. Nyumbani tulikula lituma ya ndizi zilizopondwa na samaki waliookwa ndani ya majani, na sombe, na wali ambao Papa Kambale alileta mwenyewe akidai kwamba ndiye aliyebeba bwana harusi mfukoni. Faustin alicheza kuliko wote. Tangu siku ile aliniita “bibi ya karatasi”. Akinipitia jikoni alisema, “Bibi ya karatasi, chakula iko?” nami nikamjibu, “Bwana ya karatasi anakula karatasi,” na Mama kutoka kigodani mwake akatukemea wote wawili bila kuinua macho. Nilikuwa na furaha. Naliandika hili wazi kwa sababu watu wanapenda kunionea huruma kwa mwaka ule, na sehemu kubwa ya mwaka ule nilikuwa na furaha.

Kuhusu muhuri wa Kinshasa, ni Papa Kambale tena aliyepata njia. Kulikuwa na mtawa mmoja aliyeitwa na shirika lake kwenda Kinshasa. Angezunguka kwa ndege nchi mbili za jirani ili afike katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe. Papa Kambale alimfahamu kutoka kanisani, akamwomba, naye akakubali kubeba bahasha yetu kati ya nguo zake. Cheti cha kuzaliwa, cha ndoa na cha mwenendo viliondoka hivyo. Kilichobaki ni kungoja, na vile vyeti viwili, cha daktari na cha watu wa nyumba moja, ambavyo vilipaswa kuwa vipya siku ya safari.

Tukiwa katika kungoja, majeshi mawili ya kigeni, yaliyokuja nchini kwetu yakiwa marafiki, yaligombana ndani ya mji wetu. Tulikuwa tumeshasikia risasi mara nyingi. Hii haikuwa risasi. Makombora, tuliyoyaita obus, yalirushwa kutoka ng’ambo moja kwenda ng’ambo ya pili, na sisi tulikuwa katikati. Tuliingia koridoni, watatu, na magodoro tumeyasimamisha kila upande, na tukakaa humo siku baada ya siku tukila muhogo mkavu na kunywa maji kidogo kidogo. Mama alisali rozari kwa sauti ya kawaida, kama anayehesabu samaki. Faustin alitueleza kila mlio: huu umepita, huu umekwenda kanisani, huu umekosa mto wote huo. Asubuhi moja kukanyamaza. Tulisikia hata ndege. Majirani walianza kuitana kutoka nyumba hadi nyumba, na Faustin akachukua madumu, akasema anakwenda kisimani kwa jirani, nyuma ya nyumba, kwani maji yalikuwa yamekwisha. Mama alisema, “Ngoja kidogo.” Faustin akajibu, “Mama, sasa kumetulia.” Kombora lililodondoka pale kisimani lilikuwa moja tu, na baada yake kukanyamaza tena kama mwanzo.

Tulimzika uani, nyuma ya jiko, kwa sababu hapakuwa na njia ya kwenda makaburini. Mama alimwosha yeye mwenyewe. Mizinga ilipokoma kabisa na watu wakatoka, walikuja. Nyumba nyingi mtaani zilikuwa na kaburi lao uani, na hata hivyo watu walikuja kwetu, nasi tukaenda kwao. Wanawake wa sokoni walilala chini sebuleni pamoja na sisi. Kuni zililetwa, chikwangue, mkate wa muhogo, ililetwa, mtu fulani alileta chumvi, ambayo haikuwa ikipatikana. Kaka zake Mama waliimba nyimbo za mtoni. Yalikuwa matanga ya kimaskini, na yalitubeba. Walipoanza kuondoka mmoja mmoja Mama aliniambia, “Sasa ile kazi,” tukaenda kwa miguu mpaka duka la Papa Kambale, ambaye alikuwa na simu ya setilaiti.

Ilibidi kusimama katikati ya uwanja ili isikie. Papa Kambale alipiga, akampa Mama, na mimi nikasogeza sikio.

“Célestin? Ni mimi. Umesimama ao umeketi?”

“Mama! Mama, tunasikia mambo mu redio, toka siku ile nashindwa kulala. Muko wote?”

“Keti kwanza.”

“Niko kazini, Mama. Hapa hakuna kiti.”

“Basi shika ukuta. Ndugu yako hayuko tena. Obus. Alienda kuteka maji.”

Nyuma ya Célestin tulisikia mashine ikizunguka, na mtu akiita jina la mtu mwingine kwa Kifaransa. Kisha simu ikakatika. Papa Kambale alijaribu tena na tena, akizunguka uwanja na kuinua mkono, mpaka Mama akamwambia, “Acha, papa. Amesikia.” Njiani kurudi nyumbani alitangulia, nami nikamfuata. Baiskeli za toleka zilikuwa zimeanza kupita tena, abiria kwenye viti vyao vya nyuma vya rangi, na nakumbuka nilishangaa kwamba kuna watu wanaokwenda mahali.

Baada ya hapo niliona jambo moja kwa uwazi, au nilidhani naliona. Siku moja tukiwa jikoni, yeye na samaki wake, mimi na moto, nilimwambia: “Mama, ile dosie ya karatasi tuiache. Nitabaki na wewe.” Nilikuwa nimeyapanga maneno haya usiku kucha, na nilitazamia kwamba atalia, au atanibariki. Aliendelea kuparua.

“Wakati Faustin alikufa,” alisema, “batu walikuya?”

“Walikuja.”

“Balilala chini na sisi?”

“Ndiyo, Mama.”

“Célestin, nani alilala chini na yeye?”

Nilishika kuni bila kuitia motoni.

“Alisikia kwamba ndugu yake amekufa, akiwa amesimama, mu mashine. Halafu akarudia kazi. Namujua. Yuko anafagia mupaka leo. Ile si kilio, ile ni ugonjwa. Nimebaki na mutoto mumoja, na hajawekwa chini na mutu. Mi siwezi kufika kule. Serikali ya kule haiandike mama, inaandika bibi. Alors, utaenda wewe. Utamuketisha chini, utamuambia namna ilikuwa, yote, usifiche kitu, atalia, mutakula. Ile njo kazi yako. Kisha ya ile mutaishi namna munataka.”

“Na wewe utabaki na nani?”

“Na batu. Huku batu iko mingi.” Akainua macho kwa mara ya kwanza. “Angalia moto yako, inazimika.”

Nimelifikiria jibu lile katika vyumba vingi tangu wakati ule. Nilipokuwa kijana nililiona la ushujaa. Baadaye, nilipokuwa na watoto na nikajua inavyokuwa kumwona mmoja akiteseka mahali ambapo mkono wako haufiki, nililiona kuwa ni jambo la kawaida kabisa, ambalo mama yeyote angelifanya kama angekuwa na mtu wa kumtuma. Sasa, nikiwa na umri unaokaribia wake wa wakati ule, naona pia alichokilipa. Huku batu iko mingi: ilikuwa kweli, na haikuwa kweli. Mimi nililala naye kitanda kimoja tangu siku ya mazishi, na nilijua jinsi alivyonyoosha mkono usingizini kuhakikisha kwamba nipo.

Cheti cha watu wa nyumba moja tulikwenda kukichukua pamoja. Paa la komini lilikuwa limetoboka na yule mzee wa vyeti alikuwa amehamisha meza yake kwenye kona isiyovuja. Alitukumbuka. Alimwuliza Mama kuhusu yule kijana wa “oui tu”, akitabasamu tayari, na Mama akamwambia. Mzee alivua miwani, akaifuta na shati. Mimi, kwa woga, nikamwuliza kama ndoa bado inasimama ikiwa aliyeweka sahihi amekufa.

“Mutu anakufa, mama,” aliniambia. “Sinyatire yake iko nzima.” Kisha akachukua kalamu. “Mu nyumba munabaki wangapi?”

“Andika sisi wawili,” Mama alisema. “Na muandike muzuri, juu ni ya kusafiri.”

Bahasha ya Kinshasa ilirudi msimu wa mvua, kwa mikono ya Papa Kambale, mihuri ikiwa juu ya mihuri. Daktari alinipima, mapafu yangu yakawa safi. Papa Kambale alinipatia nafasi kwenye ndege ndogo iliyoruka kutoka Simi-Simi, uwanja wa zamani ndani ya mji, nikiwa nimeketi kati ya magunia kama siku ile ya Yangambi. Mama alinisindikiza na beseni lake kichwani, kwa kuwa ilikuwa saa ya soko. Alinifunga kwenye kitenge changu furushi la samaki wa kukaushwa, akanikagua kola, akaniambia nisikubali dirisha la ndege lifunguliwe. Nilianza kulia. Alinitazama kidogo, akasema, “Lindia ile machozi, iko na kazi kule,” akageuka na kuondoka kabla hata injini haijawashwa. Samaki wake walikuwa juani. Nilimwona akivuka majani ya uwanja, shingo imenyooka chini ya beseni, akamsalimu askari wa getini, akasimama kumwambia kitu kirefu, labda kuhusu kikohozi.

Ubalozi wa Wabelgiji ulikuwa Kampala, mji mkuu wa nchi ya jirani, na huko nilingoja katika nyumba ya watawa hadi nilipoitwa. Mwanamke wa ubalozi alikuwa mpole, lakini kazi yake ilikuwa kujua kama ndoa yetu ni ya kweli, na mkalimani wake alizungumza Kiswahili kilichonyooka sana hivi kwamba nami nilijikuta nakaa wima. Mume wako anapenda kula nini? Samaki, akianza na kichwa. Anaogopa nini? Jogoo. Akiwa na huzuni hufanya nini? Hufagia. Niliona wanatazamana. Siku ya harusi, nani alisimama pembeni yako? Mdogo wake. Ana ndugu wangapi? “Alikuwa na mmoja,” nikasema. Mkalimani akasita kwenye neno “alikuwa”, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekosea. Nikasema sikukosea. Nikawasimulia, na yule mwanamke akaiweka kalamu chini, asiandike tena mpaka nilipomaliza. Kibali kilitoka.

Célestin alinipokea uwanja wa ndege akiwa na koti la kunivisha. Nilikuwa sijamwona kwa miaka. Alikuwa amekonda na alikuwa mwanamume wa adabu nyingi. Njiani kwenye treni alinionyesha mito, viwanda, jina la kila kituo. Chumba chake kilikuwa juu, ghorofa ya tatu, na nilipoingia nikajua Mama alisema kweli. Sijawahi kuona chumba kisafi namna ile. Sakafu ya mbao ilikuwa imesuguliwa hadi rangi imetoka. Alinivutia kiti, akavuta na chake, akaanza kuniuliza habari za safari. Nilivichukua viti vyote viwili, nikaviweka koridoni, nikafunga mlango. Nikatandika kitenge chini, nikavua viatu.

“Mama amenituma,” nilimwambia. “Keti chini.”

Aliketi. Nikamwambia namna ilivyokuwa, yote: korido, muhogo, ukimya, ndege waliolia, madumu. Nikamwambia Faustin alioshwa na nani, na nyimbo gani ziliimbwa. Mwanzoni alikuwa akiitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea maelekezo ya kazi. Mikono yake ilikuwa ikipangusa kitenge, ikipangusa, ikipangusa. Nikaishika. Hapo akalia, kwa sauti kubwa, sauti ya kwetu, ambayo jengo lile halikuwa limewahi kuisikia, na mimi nikalia pamoja naye.

Haikupita muda mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa ghorofa ya chini, mjane Mtaliano mwenye nywele nyeupe, ambaye Célestin aliniambia baadaye kuwa katika miaka yote aliyokaa pale walikuwa wamesalimiana tu. Célestin aliinuka haraka, akapangusa uso, akaanza kuomba radhi kwa ajili ya zile kelele. Mimi, kwa Kifaransa changu cha shule, nikasema kutoka sakafuni, “Madame, ndugu yake amekufa.” Alitutazama, akatazama kitenge, akageuka, akashuka ngazi. Tulidhani tumemkasirisha. Akarudi na birika la kahawa na mto wa kukalia. Akauweka mto karibu na ukuta, akashika goti lake bovu, akajiteremsha polepole mpaka chini, akakaa pamoja nasi. Hakutuuliza tumetoka nchi gani, wala ni vita gani. Alitumiminia kahawa. Taa za barabarani zilipowaka alikuwa bado yuko, na ndipo alipouliza marehemu aliitwa nani.

“Faustin,” Célestin alisema.

“Faustino,” alirudia yule mama, kwa ulimi wa kwao, akitikisa kichwa, kana kwamba alikuwa amemjua. “Ah, Faustino.”